Jina la Mama kwenye Televisheni

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya kijiji chetu cha Genkuru si ya ng'ombe wala ya jogoo, ni ya nyundo. Tangu umande haujakauka mpaka giza linaingia, watu waliketi nje ya nyumba zao wakiponda mawe yaliyotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu yaliyotoboa kila kilima. Ko, ko, ko, kama vile kijiji kizima kinabisha hodi kwenye mlango mmoja. Vumbi la mawe lilikaa kwenye majani ya migomba, kwenye ugali, kwenye nywele. Ilikuwa miaka ile ya homa ya dhahabu, ambapo hata mwalimu wetu wa hesabu alituachia zoezi ubaoni akaenda kuangalia duara lake. Wageni walijaa, wa kila kabila na kila lafudhi. Katikati ya umati huo wote, mimi, mtoto wa miaka kumi, nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa tena maishani.

Baba alikuwa ameuza ng'ombe ili achimbe duara lake mwenyewe. Kwetu Wakurya, ng'ombe walioingia kwa mahari ya binti hukaa zizini wakimsubiri kaka yake aoe, na hao ndio aliowauza, ng'ombe wa dada yangu mkubwa. Kaka aliondoka kwa hasira. Mama hakupiga kelele. Alifunga kanga zake, akavuka mpaka wa Kenya pale Sirari, akaenda kwa dada yake Migori, akapata kazi ya kupika kwa walimu wa kizungu. Nikabaki na bibi, mama yake baba, ambaye masikio yake yalikuwa yameshachoka. Baba alilala machimboni. Alikuja nyumbani Jumapili moja moja, mweupe kwa vumbi, akala, akalala.

Walimu wale waliporudi kwao walimwachia mama vitu ambavyo hawakutaka kuvibeba, kimojawapo kikiwa kompyuta ya nyumbani. Hata wakati ule ilikuwa ya zamani. Ilikuwa kibao kinene cha rangi ya maziwa chenye vitufe vya herufi, bila kioo chake chenyewe. Uliiunganisha na televisheni kwa waya, na nyuma yake ukachomeka kikasha cheusi cha plastiki kilichoenea kiganjani. Akili yote ilikuwa ndani ya kikasha hicho. Bila hicho, televisheni ilibaki nyeusi tii. Mama alikuja nayo likizo moja, akaiunganisha na betri ya gari pamoja na televisheni ndogo ambayo baba aliinunua mwezi mmoja duara lake lilipotema dhahabu. Akanielekeza kama walimu walivyomwelekeza yeye. Nikabonyeza herufi moja moja, na BHOKE likasimama pale kwenye kioo, jeupe, jina langu mwenyewe. Bibi aliguna, akasogeza kigoda chake mbali kidogo.

Siku ya kuondoka mama aliniambia, kwa kile Kiswahili chake kilichokuwa kimeshaanza kuwa cha Kenya, "Nikikuja tena shule zikifungwa, nataka nikute umeniandika jina yangu. Kubwa, niione nikiwa hapo mlangoni." Ulikuwa utani tu wa mama anayetaka kuondoka bila machozi. Mimi niliuchukua ulivyo. Nilijiaminisha kwamba mama akiona ROBI, jina lake, linawaka ndani ya nyumba ile, atajua kuwa bado ni kwake, na hataondoka tena. Sikumwambia mtu. Kila jioni nikawa nafanya mazoezi ya kuzijenga herufi kubwa kwa nyota ndogondogo, na kila nilipochomoa waya wa betri zikapotea, nikaanza upya kesho yake. Haikunikera. Katika nyumba ambayo hakuna anayekujibu, kitu unachobonyeza B nacho kikakuonyesha B si kitu kidogo.

Jumapili moja baba alikuja, na badala ya kulala akaja kuketi karibu yangu. "Bhoke, hii kitu inafanyaje kazi?" akauliza. Nilishtuka kwa furaha. Nikamweleza yote, nikachomoa kikasha nikamwonyesha ukingo wake, palipokuwa na safu ya vimeno vya manjano vinavyong'aa. "Hapa ndipo inaposhikia, tata," nikamwambia. Akakigeuza kuelekea dirishani, akakitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali mengine mawili matatu. Kisha akanituma maji ya kuoga. Niliimba njia nzima ya kwenda mtoni. Baba yangu alikuwa ameniuliza kuhusu kitu changu.

Kesho yake kompyuta haikuwaka. Taa yake ndogo nyekundu iliwaka vizuri, lakini televisheni ilibaki nyeusi. Nikafanya yale ambayo kila mtu wa kwetu angefanya. Niliipiga kofi ubavuni. Nikaipuliza. Nikaianika juani juu ya mkeka pamoja na mahindi, kwa kuwa ndivyo tulivyofufua betri za redio zikichoka, nikakaa pembeni nikiifukuzia kuku. Bibi alisema kwa Kikurya kwamba imechoka, niiache ipumzike. Niliiacha ipumzike, na haikuamka. Shule zilikuwa karibu kufungwa. Nilianza kuamka alfajiri nikimwona mama amesimama mlangoni anatazama kioo cheusi, kisha anageuka na mfuko wake.

Mwishowe bibi alichoshwa na uso wangu. Akanifungia kuku wa malipo, akamwomba jirani aliyekuwa anakwenda sokoni na punda anichukue pamoja na mashine, televisheni na betri. Tukafika Nyamwaga kwa fundi redio, kijana mwenye kibanda cha mabati kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada. Hii nayo ni nini? Mashine ya kuchapa?"

Nilipomweleza, alicheka, halafu akaacha kucheka akaanza kazi. Namna yake ya kutafuta ugonjwa ilikuwa kufuata njia ya umeme toka mwanzo, asiruke hatua. Akapima betri kwa mita yake: nzima. Akapima waya: mzima. Akapima kifaa kidogo cha kupunguza umeme kilichokuwa kwenye waya: kizima. Televisheni aliijaribu kwa kutafuta kituo cha Kenya, tukaona watu wakicheza ngoma ndani ya chengachenga. Nzima. Akafungua kibao, akakinusa akitafuta harufu ya kuungua, akagusa vitu vya ndani kimoja kimoja kuona kipi kinapata joto. "Moto unaingia mpaka ndani kabisa," akasema. "Sasa kwa nini hataki kuamka huyu?" Ndipo akachomoa kikasha, akakileta karibu na macho yake, akakunja uso. "Hapa pameota nini? Kutu gani hii nyeupe?"

Akanipa niangalie. Vile vimeno havikuwa tena vya manjano. Vilikuwa na weupe wa bati uliopakwapakwa. Mtoto yeyote wa Genkuru angeujua weupe ule. Ndio tulioukuta kwenye makarai ya wachimbaji wakishatia zebaki kwenye mchanga, ikaila dhahabu na kugeuka uji mweupe wanaoukamua kwa kitambaa. Zebaki haiingii kwenye kikasha kilichokaa juu ya kabati la bibi. Huletwa na mtu, ndani ya kichupa, mfukoni. Na mtu mwenye kichupa hicho katika nyumba yetu alikuwa mmoja.

Kompyuta haikuniuma sana kwa wakati ule. Kilichoniuma ni ile Jumapili. Maswali yote aliyoniuliza baba, kile kichwa chake kilichoinama karibu na changu, kumbe alikuwa anaangalia mwamba wa dhahabu. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja na punda wake kuuliza kama nimekatwa na kitu. Fundi alidhani nalilia mashine. "Nyamaza, dada, haijafa," akasema. Akaniomba kifutio cha penseli kutoka kwenye mfuko wangu wa shule, akaanza kusugua vimeno, taratibu, akipuliza, akisugua, mpaka weupe ukatoka na chini yake ikatokea rangi nyekundu ya shaba. "Shaba inapitisha umeme vizuri tu. Ile dhahabu huwa inapakwa juu, nyembamba mno, isishike kutu." Akachomeka. Kioo kikawa cheupe, kisha maandishi yakaja. Alishangilia yeye peke yake.

Kwa hiyo baba hakupata kitu. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Alikuwa amekamua kitambaa, amechoma kidonge cha zebaki kilichobaki humo ili dhahabu ibaki, na pengine hakuona hata chembe ya kupima. Duara lake lilikuwa limekauka miezi mingi, hilo nilijua, kwa sababu nyama ilikuwa imekwisha kuwa hadithi. Nilimchukia, na nilimhurumia, na sikuwa na mtu wa kumwambia lolote kati ya hayo mawili.

Mama alikuja shule zilipofungwa. Baba naye alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kona, kofia magotini. ROBI lilijaa kioo kizima, nyota kwa nyota. Mama alisimama mlangoni akaliangalia, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akaja kunikumbatia. Alisikia kwa jirani kwamba nilikwenda kwa fundi, akaniuliza mashine ilikuwa na nini. Baba hakuinua kichwa. "Vumbi," nikasema. "Iliingia vumbi la mawe." Mama akamtazama baba, akanitazama mimi, akasema vumbi la Genkuru litatumaliza sote.

Alikaa mpaka shule zinakaribia kufunguliwa, akarudi Migori. Jina halikumzuia. Jioni ya siku aliyoondoka nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni, ROBI nililoliandika upya linawaka, nikishindwa kuchomoa waya. Baba akaja akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake iliyoharibiwa na mashimo. "Na langu je," akasema polepole, "linaingia humo?" Nilichomoa waya wa betri, kioo kikafa, nikaenda kulala.

Leo naishi Musoma, na kompyuta yangu ni nyembamba kama sinia, haisahau kitu hata nikiizima. Kwetu nyundo zimenyamaza, mashine kubwa ndizo zinazoguguna vilima. Mama alizikwa Migori. Baba bado yupo, mzee, kifua kimebana, anaishi peke yake kwenye nyumba ileile na simu niliyomnunulia, na kila jioni ananipigia kuniuliza kama nimekula. Hana kingine cha kuuliza. Sipokei mara moja. Naiweka simu mezani nikiiangalia kidogo inavyotetema, jina lake likiwa limewaka kwenye kioo: MWITA, kwa herufi kubwa. Kisha napokea.