Jumapili Ambazo Baba Hakuandika

Baba hajawahi kuniuliza nyota ninazozichunguza zinaitwaje. Swali lake ni moja, kila nikifika nyumbani Ndabibi, hata kabla sijavua viatu: "Wamefika wangapi?" Anamaanisha watafiti walionukuu makala zangu. Nilimweleza zamani kwamba katika kazi yetu mtu hapimwi kwa alichoandika tu. Anapimwa pia kwa wangapi wametumia kazi yake wakamtaja. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Nikishampa idadi, anaiandika kwenye daftari lake, pale pale anapoandika mvua.

Madaftari hayo ndiyo yaliyonipa jina. Tangu nikiwa mdogo, baba huamka saa kumi alfajiri kukamua, na akitoka nje huangalia juu. Kukiwa na mawingu anaandika "mawingu". Kukiwa safi, anaweka kistari. Alizoea hivyo akiwa karani kwenye shamba la mzungu, na shamba lilipogawanywa akabaki na ploti, ng'ombe wawili na hiyo tabia. Mimi nilikuwa nimetoa jasho kuandika makala ngumu kuhusu nyota zinazobadilika mwangaza, zikanukuliwa na watu wawili, mmoja wao mimi mwenyewe. Kisha nikachukua madaftari ya baba, nikaandika makala fupi kuonyesha ni mara ngapi anga la huku kwetu Bonde la Ufa huwa safi kiasi cha kufaa darubini. Ai! Hiyo ilinukuliwa kuliko zingine zote zikijumlishwa.

Mwaka nilioomba uprofesa, faili yangu yote iliegemea makala hiyo. "Bila hiyo, daktari, huna kitu," mkuu wa idara aliniambia bila kupepesa macho. Aliniudhi, lakini alisema kweli. Wiki mbili kabla ya mahojiano nikaenda Ndabibi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Tulitoka kanisani, tukala mukimo, na tukinywa chai nikamuuliza baba tumepata milimita ngapi.

"Nitapima kesho."

"Kwa nini si leo?"

"Leo ni Jumapili, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Tangu lini mimi nikaandika Jumapili?"

Haki, nilikiweka kikombe chini. Nimelelewa katika nyumba hiyo! Jumapili hatukulima, hatukufua, hata kalamu ilipumzika. Ni ng'ombe tu waliohudumiwa kwa sababu, baba alisema, kiwele hakijui sabato. Na mimi, msomi mzima, nilikuwa nimeiagiza kompyuta kwamba siku yoyote isiyoandikwa mawingu ihesabiwe kuwa safi. Kwa hiyo kila Jumapili, miaka yote hiyo, nilikuwa nimetangaza kwamba Ndabibi haikuwa na wingu hata moja, na watu wa mbali wakaninukuu.

Nilifungua madaftari pale mezani. Kweli, kila baada ya mistari sita, nafasi tupu. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamwambia baba yote: kwamba nikisahihisha sasa uprofesa unaweza kuniponyoka, na kwamba hakuna mwingine anayejua. Sitadanganya, nilitaka aniambie ninyamaze.

"Maji yakiingia kwa maziwa bila wewe kujua, ni bahati mbaya," alisema. "Ukishajua, bado utayapeleka dairy?"

Akaacha hapo, akaenda kufungulia ndama.

Kesho yake niliwaandikia wahariri wa jarida, nikaitoa makala kwenye faili. Mkuu wa idara alinitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe wa maziwa akanunua kuku. Mwaka huo sikupanda cheo. Nililia kidogo kwangu Lanet, kisha nikapika chapati.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta baba amevaa miwani, rundo la madaftari mbele yake. Alikuwa akijaza kila nafasi tupu kwa biki nyekundu: Jumapili. Jumapili. Jumapili.

"Asije mwingine akakosea kama wewe," alisema, na akacheka sana, mzee huyu.

Ilimchukua miezi. Marekebisho yalipochapishwa yalikuwa na majina mawili, lake likitangulia. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwekea mstari mmoja tu wa shukrani, mwishoni, kwa herufi ndogo. Kosa hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Uprofesa ulikuja baadaye, kwa kazi nyingine, na nimeridhika nao. Lakini mwezi uliopita nilipata habari tamu zaidi: mtafiti fulani amenukuu yale marekebisho, wa kwanza kabisa. Sikutaka kumwambia baba kwa simu. Niliondoka Lanet asubuhi na mapema, nikamkuta langoni na suti yake ya kanisa, Biblia kwapani.

"Wamefika wangapi?"

"Mmoja, baba. Ametutaja sisi wawili, na jina lako liko mbele."

Alisimama. Akatoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nikamwambia angoje nimletee daftari.

"Wacha," alisema. "Leo ni Jumapili. Tutaandika kesho."

Nilikuwa na darasa Jumatatu asubuhi. Nililiahirisha, nikalala Ndabibi.