Baruti Laini ya Mama

Juzi nilikuwa saluni ya kucha hapa Columbia, Marekani. Dada aliyenihudumia alifungua kichupa cha dawa ya kufutia rangi, na harufu ile kali, tamu kidogo, ikanipanda puani. Mikono yangu ilibaki mezani, lakini mwenyewe nilikuwa nimeshafika Beltsville, chumba cha chini cha nyumba yetu, nina miaka kumi, baba anafungua kopo la baruti. Msishangae. Baruti ya siku hizi, kabla haijawashwa, hainuki moshi hata kidogo. Inanuka saluni.

Ninaposema baba, ninamaanisha Damiani, Mngoni wa Songea aliyemwoa mama nikiwa bado mdogo. Baba mzazi sikumjua. Aliuawa Uvira, kwao mama, wakati wa vita, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Damiani ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa viyoyozi na mtu wa maneno machache mno. Mama alipenda kusimulia kwamba alimposa kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe hakuimaliza.

Jirani yetu, mzee wa Kimarekani, alipohamia kwa wanawe alimuuzia baba bastola yake ya zamani, ile ya silinda inayozunguka, pamoja na vifaa vya kujitengenezea risasi. Baba aliipenda kazi hiyo kuliko bastola. Aliyasugua maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika mpaka yakang'aa, akayanyoosha kwa mashine ya mkono, akapachika kiwashio kipya kitakoni, akapima baruti kwenye mizani ndogo, mwisho akaziba mdomo wa ganda kwa kichwa cha risasi. Mimi nilikaa juu ya stuli nikimwuliza maswali kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu. Yeye alinijibu kwa Kiswahili, kana kwamba hakuna lugha nyingine duniani.

Nilimwuliza siku moja kwa nini ganda ni kubwa na baruti ni kiduchu.

"Risasi hii ni ya kale, mwanangu," alisema. "Ilibuniwa enzi za baruti nyeusi, iliyokuwa ikijaza ganda zima. Hii ya sasa ina nguvu, kidogo inatosha. Sasa ukipitiwa ukamimina mara mbili, hutajua, mpaka bastola ikupasukie mkononi." Ndiyo maana alichagua baruti nyepesi, yenye chembe pana kama pumba za mtama: inajaza nafasi kubwa, hivyo ukimimina mara mbili inamwagika na kukuumbua hapo hapo. "Baruti haina samahani," alisema, akafunga kopo.

Kila Julai, Wamarekani wanaposherehekea uhuru wao, mtaa wetu ulirindima fataki. Mama alikuwa akiingia bafuni na kitenge chake, akaketi ndani ya beseni kavu la kuogea, akafungua bomba la sinki ili maji yapige kelele. Baba alisimama nje, kiganja kimegusa mlango, akitafuta la kusema na asilipate. Asubuhi mama alikaanga mayai, nasi tukala kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, baada ya fataki, baba alianza kuleta makopo mengine ya baruti. Alikunja uso juu ya kitabu cha vipimo, maana hakuthubutu kutoka nje ya kile kilichoandikwa humo, akatengeneza risasi chache, akaenda kuzijaribu kwenye uwanja wa kulengea shabaha, akarudi akitikisa kichwa.

"Natafuta iliyo laini zaidi," aliniambia.

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

Alikuwa amewaza hivi: mlio ukipunguzwa, kisha mama akaushika kwa mkono wake mwenyewe, utakuwa wake, hautamtisha tena. Alihangaika nao mpaka majani yakapukutika. Hatimaye alirudi uso umechangamka. "Hii inakohoa tu," alisema.

Nilishangaa mama alipokubali. Tulienda Jumamosi asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, baridi ikituuma masikio. Mama alivaa viziba masikio juu ya kilemba chake, akaonekana kama rubani. Baba alipiga kwanza. Kweli, ilikohoa. Kisha akamsogeza mama mezani, akamwelekeza mikono, akarudi nyuma.

Mama alipiga mara moja. Karatasi ya shabaha ikatoboka. Akaiweka bastola mezani, mdomo ukielekea mbele kama alivyofundishwa, akavua viziba masikio, akasimama akisikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza.

"Umeona?" baba alisema, akitabasamu. "Ni kitu kidogo tu."

"Damiani," mama alisema, kwa Kiswahili chake cha Uvira, polepole, "mi siogopaka makelele. Ninaogopaka penye inanyamaza. Siku ile nilisikia bunduki, kisha kimya. Nikangoja papa ya Furaha aniite. Nikangoja. Hakuniita."

Furaha ndiye mimi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja mtu yule.

Baba alivua kofia. Aliondoa risasi zilizobaki moja moja, akafunga mkoba, akatuendesha mpaka karibu na nyumbani, tukasimama kwenye taa nyekundu.

"Sikukuuliza," baba alisema.

"Hukuuliza," mama akajibu, akatoa andazi mkobani akampa.

Wiki iliyofuata baba alizibomoa risasi zote za mama. Alikuwa amesikia kwamba baruti ni mbolea, basi akainyunyiza bustanini, kwenye tuta la lengalenga, mchicha wa kwao mama. "Ikilipuka, utaikula weye," mama alimwambia kutoka dirishani.

Julai iliyofuata fataki zilipoanza, baba hakusimama nje. Aliingia bafuni, akafunga bomba, akaketi sakafuni kando ya beseni, akaanza kuongea. Aliongea kuhusu tembo waliovamia shamba la bibi yake, kuhusu mwalimu wake aliyepoteza meno ya bandia kisimani, kuhusu kila kiyoyozi kibovu cha wilaya yetu. Hadithi zilipomwishia alichukua chupa ya shampuu akasoma maelekezo kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho. Mimi nilikuwa mlangoni nikicheka, nikidhani baba yangu bubu amerukwa na akili. Mama naye alicheka, mkono wake ukiwa begani kwa baba.

Ilinichukua miaka kutambua kwamba hakuacha hata mwanya mmoja wa kimya kati ya mlio na mlio.

Baba alifariki masika iliyopita. Julai ilipofika nilimpeleka mwanangu kwa jirani, nikaendesha gari mpaka Beltsville. Mama alikuwa ameshaingia bafuni. Niliketi sakafuni, na mimi ambaye maisha yangu yote nimemjibu mama kwa Kiingereza, nikaanza kuongea kwa Kiswahili, nikikwama na kuchanganya ngeli, lakini bila kunyamaza.