Neno Ambalo Bibi Hakutaka Litajwe

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu neno pumu lilikuwa baya kuliko tusi. Baba alikuwa askari polisi, tukiishi kambini upande wa Lubaga, na Bibi, mama yake, aliyetoka Arua kuja kutulea, aliamini kwamba ugonjwa ukiutaja kwa jina unaitika. Kwa hiyo kifua changu kilipobana na pumzi kuanza kukwaruza, ilibidi niseme, "Mgeni amekuja."

Mgeni! Leo nina watoto wangu, na bado nikikumbuka natamani kupiga meza.

Siku moja, nikiwa darasa la tatu, tulifagia darasa na vumbi likanikaba. Mwalimu wetu mpya, Muganda aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akaniona nimeshika kifua. Akauliza nina nini.

"Mgeni amekuja," nikasema kwa taabu.

"Mugeni? Kwenu?" Akatabasamu. "Basi enda haraka, umusalimie."

Akanifungulia mlango. Neno la kuniokoa lilikuwa ulimini, nami nikalimeza, kwa sababu nilikuwa mtoto mtiifu. Utii ule unaniudhi hadi leo. Nikapanda kilima cha kurudi kambini peke yangu, kila pumzi fupi na kali, ikiingia kwa mluzi na kugoma kutoka. Katikati ya kilima miguu ikaniishia, nikaanguka mbele ya kibanda cha Mama Furaha, Mkongomani aliyeuza vitenge.

Watu wakajaa. Mmoja alisema nimerogwa, mwingine akasema ni njaa, hakuna aliyeninyanyua. Mama Furaha aliinama, akaweka sikio kifuani pangu.

"Muko munaangalia nini? Huyu mutoto ana pumu! Muite boda!"

Alinipakata kwenye boda mpaka zahanati. Muuguzi akanivalisha kinyago cha dawa, na polepole hewa ikaanza kupita.

Bibi alifika akitweta, watu wa kilimani wamekwisha kumsimulia yote. Badala ya kumshukuru Mama Furaha, akamnyooshea kidole. "Wewe umelitaja! Ndiyo maana limemwangusha."

"Bibi, nilianguka kwanza!" nikalia ndani ya kinyago. "Alilitaja baadaye!"

"Nyamaza, upumzike."

Mama Furaha alinitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vitenge vyake.

Miaka mingi nilibishana na Bibi kichwani. Nilipokuwa sekondari nilifungua kamusi nikaona pumu imekaa jirani na pumua, pumzi na pumzika, maneno ya ukoo mmoja. Nikampelekea ushahidi wangu: neno lenyewe ni pumzi tu, linaweza kumdhuru nani? Akainuka, akaenda kuchambua maharage.

Alipofariki, shangazi ndiye aliyenieleza. Kabla ya Baba, Bibi alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, mwenye kifua kama changu. Siku alipozidiwa, Bibi alitoka mbio kwa majirani akipiga kelele, "Pumu! Pumu inamuua!" Aliporudi nao, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Nilikasirika upya. Kwa nini hakutuambia? Tungemlilia mtoto yule pamoja naye, badala ya mimi kupanda kilima karibu nife kwa adabu. Lakini hasira hiyo sina tena pa kuipeleka. Ningeweza, ningemkalisha chini nimwambie kwamba hakumuua mwanawe kwa ulimi. Aliita msaada, kama mama yeyote, na msaada ulikuwa mbali.