Birika Si la Chai

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumcheka mtu kwa neno moja.

Ninayeishi naye hapa Euless, ughaibuni, ni Mtanzania wa Tanga, muuguzi. Alinikuta roshani nikijaza maji modeli yangu ya mabwawa pacha ambamo watawa wa Kibudha waliogea zamani huko Anuradhapura, Sri Lanka. Akauliza, "Birika lako limejaa?"

Mimi ni mtoto wa Nakuru. Birika kwetu ni la chai. Nilicheka, kisha nikamsomesha kama mwalimu: hili ni bwawa la mawe, maji yalikuja kwa mfereji wa chini ya ardhi, yakapitia vijisanduku vya kuachia tope kabla ya kuingia. Yote nilijifunza peke yangu, nikishatoka kazini kwenye ghala kule Mesquite, na kila kipimo nilikipima mara tatu.

Ila maji yangu yalitoka machafu, na Jumamosi nilitakiwa kuionyesha modeli mbele ya jumuiya yetu, kwenye ukumbi kule DeSoto.

Aliinama, sare ya hospitali bado mwilini. Akasema msikitini kwao hutawadha kwenye birika, yaani hodhi la maji, na tundu la kutokea maji halikai chini, kwenye tope. Akalipandisha bomba la kisanduku changu kwa kidole.

"Maji hayalazimishwi, kaka. Yanapumzishwa."

Yakatoka safi. Niliona kijicho. Mimi nimesoma miezi mitano. Yeye amenawa miguu tu.

Jumamosi asubuhi, kabla hajaamka, nililishusha bomba tena. Nilitaka modeli iwe yangu yote, hata kama ni mbovu.

Kule DeSoto maji yakamiminika yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kama watawa wangu walikuwa wakioga uji. Ukumbi ukacheka. Yule muuguzi wangu, aliyekuja kutazama na kukaa kule nyuma, hakucheka. Alilitazama bomba, kisha akanitazama mimi. Alijua.

Nikashika maikrofoni. "Nimeliharibu mwenyewe. Kaka, njoo unisaidie na birika."

Akaja bila haraka, akaninong'oneza, "Leo si la chai?" Akalipandisha bomba kwa kidole kilekile.

Siku hizi, kwenye kibandiko cha modeli, jina lake linatangulia langu. Wivu bado ninao. Bomba silishushi.