Divai kwa Sahani ya Maharage

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa Kibondo, nilikuwa mpishi katika mgahawa wa shangazi yangu, karibu na soko. Divai nilikuwa naijua kwenye kikombe cha padri tu, na hata hapo kwa macho. Wageni wa mashirika ya misaada walipoanza kuja kula, shangazi akaagiza makatoni ya divai ya Dodoma. Tuliwapa nyekundu wakila samaki, nyeupe wakila mbuzi, zote zimepigwa jua. Walionja, wakaacha.

Siku moja akaingia mwanamume wa makamo, mkimbizi kutoka kambini, amevaa koti lililopauka mabegani. Hakuomba chakula. Alizitazama chupa, akamwambia shangazi, "Mama, hizi mnaziua. Zilazeni pahali pa baridi."

"Wewe unajua nini kuhusu divai?"

"Nimeimimina miaka kumi na tisa, hotelini Bujumbura."

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi kuwachagulia wageni divai. Nilipika, tukaonja pamoja. "Samaki mgebuka wa kukaanga ana mafuta," alinifundisha. "Mpe nyeupe isiyo na sukari, ioshe ulimi. Na sombe, kisamvu cha mawese, pia." Mbuzi wa kuchoma alimnyima divai kabisa, akaagiza urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Lakini alichokipenda ni maharage. "Watu huyadharau. Yapike na kitunguu kingi mpaka yawe mazito, kisha onja na nyekundu." Nilionja, nikajipakulia tena. Maharage niliyokula tangu utotoni yalikuwa kitu kingine.

Maharage hayo alifundishwa na mkewe. Walipotezana mtoni wakikimbia, na hakuwa amesikia habari zake tena.

Halafu mama mmoja wa kilimani kwao huko Burundi akaleta habari: mke wake yuko kambi ya Kasulu. Nilimfungia maharage kwenye hotpoti. Aliomba na chupa moja ya nyekundu.

"Hajawahi kuonja," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. "Miaka yote nawamiminia wengine tu."

Alirudi siku ya nne. Chupa ilikuwa haijafunguliwa.

"Alikufa kwa kuhara, mwisho wa mvua," alisema. "Binti yangu, mke wangu aliishi pale miezi saba. Miezi saba! Na mimi niko hapa, nawaeleza watu samaki aliwe na nini."

Niliipokea chupa, nikailaza pahali pake pa baridi. 

Jumamosi ile alionja maharage, akaweka kijiko chini. "Ongeza chumvi."

"Nimeweka, Mzee. Imetosha."

Akanywa nyekundu, akanywa nyeupe, akarudia nyekundu. "Maji," alisema. "Yote maji."

Nilidhani yatapita. Alikuja Jumamosi tatu zaidi, akiwachagulia wageni divai kwa kukumbuka tu, bila kuonja. Walimsifu kama kawaida. Aliwainamia kichwa, akawashukuru.

Aliposhindwa kuja nilimfuata kambini. Nilimkuta amelala, ameugeukia ukuta wa turubai.

"Mzee, turudi. Wageni wanakungoja."

"Kufanya nini?"

"Bado sijajua vitu vingi."

"Unajua vyote. Usiniulize tena." Hakugeuka. Nilikaa pale mpaka jirani yake, mama wa makamo, akanishika mkono na kunitoa nje.

Kiangazi aliondoka na watu wachache waliokuwa wanarudi Burundi kwa miguu, wakati vita havijatulia. Jirani yule alimsihi asiende. Alijibu kwamba kukaa na kwenda ni mamoja. Tangu hapo nimewauliza wengi waliotoka kule. Hakuna aliyemwona.

Jumamosi moja mgeni akauliza yule bwana wa divai yuko wapi.

"Yuko likizo," shangazi akajibu.

Niliingia jikoni nikalia nimeshika mwiko. Kisha nikapakua, maana meza nne zilikuwa zinasubiri.