Kaka Aliyenipokonya Shamba Sasa Anataka Ushahidi Wangu

Ndugu mhariri, jina langu lifiche kwenye ukurasa wako, ila upuuzi wa kaka yangu usiufiche. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, nauza vitumbua Ibadakuli. Kwetu ni upande wa Mhunze, kwenye pamba na ng'ombe.

Miaka ile tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kaka alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mikutanoni alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka: "Mbele ya sheria hakuna Msukuma wala Mhindi, hakuna mwanamume wala mwanamke!" Tulimpigia makofi. Na mimi nilipiga, mjinga mimi.

Baba alinigawia nusu ya shamba, kaka akisikia kwa masikio yake, kwa kuwa ni mimi niliyemuuguza. Alipofariki, kaka alikimbilia mahakama ya mwanzo. Mtetezi wetu wa usawa akawaambia wazee wa baraza, "Huyu ameshaolewa. Ng'ombe wa mahari yake ndio urithi wake." Wazee wakaafiki, tena kwa tabasamu. Hakuna aliyeuliza ng'ombe hao walikwenda wapi. Walikwenda kwa wakwe zake kaka, akaolea mke! Nilitoka pale mikono mitupu.

Mke huyo amemzalia mabinti watupu. Sasa kaka anaumwa, hana muda mrefu, na watoto wa baba mdogo wanalimezea mate shamba. Wanamwambia, "Mahakama ilishaamua, mwanamke wa ukoo huu harithi ardhi. Si wewe uliyeshinda kesi?"

Juzi alikuja kwangu akijikokota na fimbo, akaniita dada. Ati nisimame mbele ya ukoo niseme baba alinipa nusu ya shamba kweli, nami nikamwachia yeye kwa hiari, hakuna aliyenidhulumu. Hapo itaonekana mwanamke wa ukoo huu hupewa ardhi, na mabinti zake watabaki shambani.

"Ni kwa ajili ya watoto," akasema.

"Na mimi sikuwa mtoto wa mtu?"

Akarudia ombi lile lile. Mwanaume mzima, hana hata adabu ya kuomba radhi kwanza!

Nikiusema uongo huo, mabinti watalima kwa amani na kaka atazikwa kama mtu wa haki. Nikikataa, nitawaona wakitolewa shambani kama nilivyotolewa mimi. Jana binti yake mkubwa alinifuata gengeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Usiseme uongo kwa ajili yetu. Lakini uje."

Ukoo unakaa Jumamosi. Nitakwenda. Wasomaji wenzangu, nishaurini: nikishasimama pale, niseme nini?