Mashine, Wewe Unakula na Nani?

Zamani insha za mtihani wa jimbo ziliposahihishwa na watu, Lorene Stuckey alikuwa na majira mawili tu: majira ya insha na majira ya kuzingojea. Kila Aprili yeye na walimu wenzake wastaafu walikusanywa ndani ya duka kubwa lililofungwa pembeni mwa barabara kuu, wakasoma maandishi ya watoto wasiowajua mpaka macho yakawawasha. Ijumaa kila mtu alikuja na bakuli lake la chakula, wakagombania viazi vya Lorene vya kuoka na jibini. Nyumbani hakukuwa na wa kugombania chochote. Mumewe, Dale, alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe alihamia Oregon, akawa anapiga simu Jumapili, akikumbuka.

Kisha yakaja mageuzi. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki, kwamba mtihani ni mrefu mno na matokeo hufika shule zimekwisha kufungwa. Bunge la jimbo likaufupisha, likaamuru insha zisomwe na mashine. Watu wakapiga makofi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wasahihishaji wachache wakabakizwa, kila mmoja nyumbani kwake mbele ya kompyuta, ili wasome zile insha tu zilizoishinda mashine. Lorene alikuwa mmoja wao. Alijivunia sana jambo hilo, ila hakuwa na wa kumringia isipokuwa paka, na paka hakujali.

Upweke ulikuwa umemkaba, na sioni sababu ya kuupamba. Kuna siku alisoma insha kwa sauti ili jikoni pasikike mtu akizungumza. Kazi ile ikiondoka, aliwaza, mimi nitabaki na nani?

Jumatano moja ikaja insha ya mtoto wa darasa la sita. Swali lilikuwa kama shule zichelewe kufunguliwa asubuhi. Mtoto alijibu kwa sentensi moja, ndiyo, zichelewe, halafu akaendelea hivi:

"Mwalimu ametuambia mwaka huu inasoma mashine, kwa hiyo naandika ninachotaka. Rafiki yangu Brynn amehama. Siku hizi nakaa mwisho wa meza, karibu na pipa la taka. Nakula polepole ili kengele inikute bado natafuna, watu wasione kwamba sina wa kuongea naye. Mashine, wewe unakula na nani?"

Lorene alicheka. Kisha akalia, mkate wake wa mchana ukiwa mkononi.

Sheria ilikuwa wazi. Msahihishaji haambiwi jina wala shule ya mtoto, na haandiki neno hata moja. Kulikuwa na kitufe cha hatari, lakini kilikuwa cha mtoto anayepigwa, anayelala njaa, au anayetaka kujidhuru. Kukaa karibu na pipa la taka hakumo. Na insha iliyotoka nje ya mada ni sifuri, basi. Mwenye sifuri hupelekwa darasa la marudio likizo nzima, wenzake wakicheza. Msahihishaji anayezidi kupishana na wenzake kwa alama hufungishwa virago, na Lorene alikuwa amekwisha kuonywa mara moja kwa mkono wake mwepesi wa kugawa alama.

Aliikodolea macho ile skrini. Alitaka mtoto ajue kwamba insha yake ameisoma mtu, na hakuwa na lugha nyingine isipokuwa namba. Akampa nne, alama ya juu kuliko zote.

Kesho yake Kendra, msimamizi wake, alipiga simu. Alikuwa binti mpole, umri wa kuwa mjukuu wake.

"Bi Lorene, hivi ile ya pipa la taka umeisoma kweli, au kidole kiliteleza?"

"Nimeisoma, mwanangu. Zaidi ya mara moja."

"Basi sijui nikuteteeje. Ile ilikuwa mtego."

Mitego ilijulikana: insha za zamani zenye alama zilizokwisha kupangwa, huchomekwa kati ya mpya kumpima msahihishaji. Hii ilitoka kwenye majaribio ya mashine ya mwaka uliotangulia. Nne ya Lorene haikwenda kwa mtu yeyote.

"Na yule mtoto?"

"Alipata sifuri yake zamani. Bi Lorene, wakubwa wameamua. Leo ndiyo mwisho. Naona vibaya, kweli."

"Usione vibaya, nilijua nafanya nini. Niambie tu, nani mwingine aliisoma?"

"Wote. Tangu Jumatatu kila msahihishaji ameletewa. Karibu mia."

"Wakampa ngapi?"

"Sifuri. Wewe peke yako ndiye uliyeharibu hesabu." Kendra akacheka kidogo. "Mimi mwenyewe ilinitoa machozi, usimwambie mtu."

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Amwambie nini?"

"Kwamba tumemsoma."

"Hatuna hata jina lake, Bi Lorene."

Simu ilipokatika, skrini ilikuwa imejifunga yenyewe. Lorene alikaa palepale mezani. Watu wazima karibu mia, kila mmoja peke yake jikoni kwake, walikuwa wamemsoma yule mtoto, baadhi yao wakamlilia, na yeye mpaka leo anaamini alikuwa akiongea na mashine.